Mvua za monsuni India: El Niño haiamui peke yake

Dhana: Mwaka wa El Niño, India hukauka.

Kwetu Afrika Mashariki El Niño ni jina la mafuriko, hasa kwa wanaokumbuka 1997. India jina hilohilo huogopwa kwa ukame, na hofu hiyo ina msingi. Maji ya Pasifiki ya kati na mashariki yakipata joto kupita kawaida, mawingu makubwa huhamia huko, na juu ya Asia ya Kusini hewa hushuka badala ya kupanda. Hewa inayoshuka haizai mvua.

Kosa ni kuifanya iwe kanuni. El Niño ya 1997 ilikuwa miongoni mwa kali kabisa za karne ya 20, lakini mvua za monsuni, yaani zile za Juni hadi Septemba, India zilifika takriban asilimia 102 ya wastani. Ile ya 2002 ilikuwa ya kadiri tu, na mvua zikaanguka hadi asilimia 81. Julai peke yake ilipata kama nusu ya kawaida yake.

Inategemea joto la Pasifiki limekaa wapi. Likitanda katikati ya bahari, kama 2002 na 2009, huiumiza India kuliko likielemea upande wa Peru. Halafu kuna Bahari ya Hindi yenyewe, ambayo watu huisahau. Mwaka 1997 upande wake wa magharibi, yaani huku kwetu, ulipata joto huku upande wa Sumatra, Indonesia, ukipoa. Hali hiyo mara nyingi huipa monsuni nguvu, ingawa si kila mara.

Dhana: Joto la Mei likizidi, mvua nazo zitazidi.

Hii hutokana na maelezo ya darasani: nchi kavu hupata joto, hewa hupanda, upepo wa bahari huingia. Ni kweli kwa kuanza kwa msimu. Haielezi kwa nini mwaka huu umepita ule. Ardhi ya India huwa ya moto zaidi katika miaka ya ukame, kwa sababu hakuna mawingu ya kuikinga wala maji ya kuipoza. Kama joto la ardhi lingekuwa ndilo mwamuzi, ukame ungejitibu wenyewe.

Isitoshe, msimu wenyewe husimama na kuendelea. Kuna vipindi ambapo mvua hukimbilia chini ya milima ya Himalaya na India ya kati ikabaki kavu kwa siku nyingi, na hakuna anayeweza kuvitabiri miezi kadhaa kabla. Agosti 2023 ilikuwa kavu kuliko Agosti zote tangu 1901. Hata hivyo msimu ulifunga kwa asilimia 94.

Dhana: Mvua zikichelewa Kerala, mwaka umeharibika.

Tarehe ya kawaida ya mvua kuingia Kerala, jimbo la kusini mwa India zinakoanzia, ni 1 Juni, na magazeti ya India huisubiri kama mwandamo wa mwezi. Mwaka 2009 mvua ziliwahi, 23 Mei. Msimu uliishia asilimia 78, mbaya kuliko yote tangu 1972. Mwaka 2019 zilichelewa hadi 8 Juni, na Juni ikapungukiwa na karibu theluthi. Msimu huo ulimalizika kwa asilimia 110.

Dhana: Wastani wa taifa ukitimia, kila mkulima amevuna.

Wastani huo, kama milimita 870, huficha mengi: Gujarat, jimbo la magharibi, inaweza kufurika huku Assam, la kaskazini mashariki, ikisubiri. Na Tamil Nadu, jimbo la kusini mashariki, hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba.

Dhana: Hayo ni ya Wahindi.

Upepo unaobeba mvua hizo ni kusi ileile ya pwani yetu. Hutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, huvuka ikweta karibu na Kenya na Somalia, kisha hupinda kuelekea India. Nalo joto la magharibi mwa bahari mwaka 2019 halikuisha na monsuni: vuli iliyofuata ilileta mafuriko Somalia, Kenya na Tanzania.