Je, wajua kwa nini elfu kumi ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya mwanzo wa mwezi haileti uniti sawa na ya mwisho wa mwezi?

Katika nyumba nyingi za kupanga jijini Mwanza, kuanzia mageto ya wanafunzi Malimbe hadi vyumba vya uani Nyakato na Mabatini, mita ya LUKU ni moja na wapangaji ni wanne au watano. Utaratibu uliozoeleka ni wa zamu: umeme ukiisha, anayefuata ananunua wa elfu kumi. Haupiti muda mrefu maneno yanaanza. "Nilizonunua mimi zilikaa wiki mbili, zako zimekaa siku tano, hiyo hita yako itatumaliza." Hita ina makosa yake na tutaifikia. Lakini kabla hamjashikana mashati, chukueni risiti zote mbili mzilinganishe, maana yawezekana kabisa kwamba mlitoa pesa ileile na hamkupewa umeme uleule.

Sababu ya kwanza ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kwa hiyo aliyeangukiwa na zamu tarehe 1 amelipia umeme wa 8,500 tu, na 1,500 amemlipia mwenye nyumba, kwa sababu mwenye deni hilo kisheria ni mwenye jengo. Kwa mwaka ni 18,000. Tunzeni risiti, na siku ya kulipa kodi ya pango mwombeni awakatie. Wenye nyumba wengi hukubali wakioneshwa karatasi, wachache huguna.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi na wengi hawaijui. Wateja wadogo wa nyumbani wapo kwenye kundi linaloitwa D1. Kwa bei zilizoanza 2016, mteja wa D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 za mwezi huo, kisha shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Wateja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, hawana ngazi hizo: kila uniti ni 292. Ukiongeza VAT, tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) ya asilimia 1 na ya REA (wakala wa nishati vijijini) ya asilimia 3, bei hizo zinakuwa karibu 120, 425 na 355.

Sasa fuata pesa. Nyumba iko D1, kila mmoja ananunua ya elfu kumi. Wa kwanza anakatwa 1,500, na 8,500 iliyobaki inamletea uniti karibu 70. Wa pili anakuta zimebaki uniti 5 tu za bei nafuu. Hizo zinamla 600, na 9,400 inayobaki inanunua kwa bei ya juu, uniti 22. Jumla 27. Wa tatu hakuti nafuu yoyote: anapata kama 23 na nusu. Elfu kumi tatu, mwezi mmoja, mita moja: 70, 27, 23. Hapo ndipo mtu wa watu anaitwa mwizi wa umeme bure. Kwenye T1 tofauti ni ndogo: wa kwanza hupata kama 24, wanaofuata 28.

Kujua mko kundi gani hakuhitaji kwenda ofisi ya TANESCO. Chukua risiti ya katikati ya mwezi isiyo na makato ya kodi ya jengo, gawanya pesa yote kwa uniti zilizoandikwa. Ukipata 120 hivi, mko D1 na bado mko ndani ya 75. Ukipata 355 hivi kwenye risiti zaidi ya moja, ni T1. Ukipita 400, mko D1 na mmeshavuka mpaka.

Dawa yake ni kuacha zamu za uniti. Kila mtu atoe mchango wa pesa kabla ya tarehe 1, mmoja anunue kwa niaba ya wote, na daftari liandike shilingi. Mkiandika uniti mtarudi kulekule. Kwenye D1 kuna faida nyingine: uniti zilizoko kwenye mita hazifutwi mwezi ukiisha. Mwezi ambao wawili wamesafiri, nunueni 75 zote hata kama hamtazimaliza, zitawasaidia mwezi wa mtihani. Ila msijidanganye. Uniti 75 ni mbili na nusu kwa siku, na nyumba ya watu watano yenye friji na pasi huipita mapema, na mteja anayeizidi mara kwa mara huweza kuhamishiwa T1.

Baada ya bei kueleweka, ndiyo mnaweza kuulizana nani anatumia nini. Mita yenyewe itawajibu. Ina taa ndogo nyekundu inayomweka, na pembeni yake kuna namba iliyoandikwa imp/kWh, kwa mfano 1000 au 1600. Hiyo ni idadi ya mimweko inayokamilisha uniti moja. Zimeni kila kitu, washeni kifaa kimoja, hesabuni mimweko kwa dakika moja. Zidisha kwa 60, gawanya kwa ile namba: jibu ni uniti zinazoliwa kwa saa. Mita ya 1600 ikimweka mara 40 kwa dakika, kifaa kinakula uniti 1.5 kwa saa. Kama vitu vyote vimezimwa na taa bado inamweka, kuna mtu ana kitu kimechomekwa, au kuna waya unaovujisha umeme, na huo ni wa fundi.

Kipimo hicho huondoa lawama nyingi za kijinga. Chaja ya simu haimalizi umeme: saa mbili za kuchaji ni kama uniti 0.02. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa sita ni 0.05; ile ya zamani ya wati 60 kwa muda huohuo ni 0.36. Feni ya wati 50 ikizunguka usiku wa saa nane ni 0.4. Televisheni ya LED ya inchi 32 haiwezi kugombanisha watu. Wanaokula ni wale wanaozalisha joto.

Hita ya koili, ile ya kutumbukiza kwenye ndoo, ndiyo mshitakiwa mkuu wa asubuhi. Kupandisha lita 20 za maji kwa nyuzi 20, kutoka 22 hadi 42 ambayo inatosha kuoga, kunahitaji karibu nusu uniti. Kosa ni kuiacha mpaka ndoo nzima itokote: hapo zinaenda uniti 1.8, na maji yanayobaki hupoa tu. Watu wanne wakigawana ndoo moja iliyotokota kwa kuchanganya na ya baridi, hakuna hasara. Mmoja akichemsha na kumwaga yaliyobaki, hasara ni ya wote. Usitie mkono kupima joto hita ikiwa imewashwa. Zima, chomoa, ndipo uguse.

Jiko la koili la wati 1000 hula uniti moja kwa saa, hivyo maharage ya saa mbili ni uniti 2, karibu mgao wa siku nzima wa nyumba ya D1. Kuloweka usiku kunapunguza muda, na jiko la presha la umeme hulimaliza sufuria hilohilo kwa chini ya uniti moja. Friji dogo hula karibu uniti moja kwa siku kama mpira wa mlango unabana. Mwenzenu aliyejaza sato wa mauzo kwenye friji la pamoja, na kuwaweka kabla hawajapoa, anapandisha kiasi hicho. Hapo mimi ningesema alipe zaidi, urafiki pembeni.

Namna ya kugawana inayodumu ni kutenganisha mafungu mawili. Fungu la wote ni taa za korido, taa ya nje, friji la pamoja, pampu: gawaneni sawa kwa vichwa, siyo kwa vyumba, maana chumba cha wawili kinaoga mara mbili. Fungu la mtu ni kifaa chake cha joto: uniti zake kwa siku, mara siku 30, mara bei ya uniti. Hita ya nusu uniti kila siku ni uniti 15 kwa mwezi, na kwa T1 ni kama 5,300. Mwenye hita hutoa hiyo juu ya mchango wake. Aliyesafiri zaidi ya wiki mbili alipe nusu ya fungu la wote, kwani friji halikumsubiri.

Wengine hufunga mita ndogo kwa kila chumba. Ni jambo zuri, lakini mita ndogo inahesabu uniti tu, bei haiijui. Msitumie bei moja ya kudumu. Mwisho wa mwezi gawanyeni pesa zote zilizonunua LUKU kwa uniti zote zilizotumika, mpate bei ya wastani ya mwezi huo. Jumla ya mita ndogo haitalingana na mita kuu, kwa sababu korido na taa ya nje hazipiti chumba cha mtu.

Maji hayana utata kama huu, ila bili ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, husomwa kwa mita za ujazo, na uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Bili ikiruka bila sababu, someni mita wakati wa kulala na alfajiri kabla mtu hajafungua bomba. Namba zikisogea, kuna uvujaji, na mara nyingi ni tangi la choo. Uvujaji unaojaza kikombe cha robo lita kwa dakika hupoteza lita 360 kwa siku, madumu 18. Kwa nyumba za mlimani zinazosukuma maji kwenda tangi la juu, pampu ya nguvu ya farasi moja hula kama nusu uniti kujaza lita 1,000, kwa hiyo anayefua sana analeta gharama ya maji kuliko ya umeme.

Na mkihamia nyumba iliyokaa tupu, ulizeni mara ya mwisho LUKU ilinunuliwa lini. Kodi ya jengo isiyokatwa hulimbikizwa. Miezi minne bila manunuzi ni deni la 6,000, na mwezi mnaoingia unaongeza 1,500. Ukinunua ya elfu kumi siku ya kwanza, kinachobaki kuleta umeme ni 2,500. Mwambieni mwenye nyumba anunue yeye tokeni ya kwanza, kabla hamjaingiza godoro.