Heseltine hakuwahi kuwa waziri mkuu wa Uingereza jamani

Bado kuna watu wanasema Michael Heseltine, yule tajiri wa magazeti ya Haymarket aliyeingia bungeni 1966 kwa tiketi ya chama cha Conservative, ndo alimtoa waziri mkuu Margaret Thatcher akakalia kiti chake. Hapana bwana. Novemba 1990, wabunge wa Conservative walipopiga kura ya kiongozi wa chama, Thatcher alipata kura 204, Heseltine 152, yani mama alishinda kabisa, ila sheria ya chama ilitaka pengo la asilimia 15 na akapungukiwa kura 4 tu, mawaziri wake mwenyewe wakamwambia mama umekwisha, akajiuzulu. Raundi ya pili John Major akaibuka na 185, Heseltine 131, Major ndo akawa waziri mkuu. Alichoambulia Heseltine ni unaibu waziri mkuu, tena alisubiri mpaka 1995 ndo akaupata.