Bajeti ikikatwa, anza na diski

Uchumi ukibana, bajeti ya TEHAMA huwa miongoni mwa za kwanza kupunguzwa, na ofisi nyingi husimamisha kila kitu zikisubiri hali itengemae. Naona hapo ndipo zinapojinyima. Ubunifu wa kipindi kigumu hautegemei mashine mpya. Unataka ujue, kwa vipimo, mashine ulizonazo zinakwama wapi. Kompyuta ya miaka 7 hadi 12 ikiwa bado ina diski ya kuzunguka, nitashuku diski hiyo kabla ya prosesa.

Sababu ni ya kimaumbile. Diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika husubiri wastani wa milisekunde 5.6 ili data ifike chini ya kichwa cha kusomea, na kichwa chenyewe kinahitaji milisekunde kadhaa zaidi kusogea. Kwa vipande vidogo vilivyotawanyika haivuki mia moja hivi kwa sekunde, ilhali mfumo endeshi ukiwaka tu unasoma maelfu. SSD ya SATA, yaani diski ya chipu inayochomekwa kwenye kiunganishi kilekile cha diski ya kawaida, haina kinachozunguka, nayo humudu makumi ya maelfu. Hata ubao mama wa zamani wenye SATA II, toleo la zamani na la polepole la kiunganishi hicho, hauzuii faida hiyo. Kasi ya juu ya faili kubwa itashuka, lakini kazi za ofisi hazitahisi.

Usinunue kabla ya kupima. Kwenye Windows fungua Task Manager kompyuta ikiwa imelemewa: diski ikikaa kwenye asilimia 100 huku prosesa ikiwa chini ya 30, mkwamo ni diski. Kwenye Linux tumia `iostat -x 1` na uangalie safu ya `%util`, inayoonyesha diski imeshughulika kwa asilimia ngapi ya muda. Tazama RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) pia, maana RAM ikijaa mfumo huhamishia data kwenye diski, na diski itaonekana mkosaji kumbe inabeba mzigo wa mwenzake. Hapo ongeza RAM vilevile. GB 8 zinatosha kazi nyingi, na vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8 kwa sababu vinasomwa sambamba. Angalia volti: laptopu nyingi za kizazi cha DDR3L, aina ya RAM ya volti ndogo, hutaka kipande cha volti 1.35, na ukichomeka cha 1.5 huenda zisiwake kabisa.

Kabla ya kunakili diski ya zamani kwenda kwenye SSD, soma afya yake kwa amri ya `smartctl -a`. Kwenye orodha inayotokea, namba 5 ni sekta (vipande vidogo vya diski) mbovu zilizokwisha kubadilishwa, namba 197 ni zile zenye mashaka zinazosubiri kuamuliwa. Namba 197 ikizidi sifuri, programu ya kawaida ya kunakili inaweza kukwama katikati na kuichosha diski zaidi. Tumia `ddrescue`, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu, pamoja na faili lake la kumbukumbu, ili ikikatika iendelee pale ilipoishia. SSD ikiwa ndogo kuliko diski ya awali, punguza kwanza patisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa). Na usibadilishe namna kompyuta inavyowasiliana na diski, kutoka IDE ya zamani kwenda AHCI, kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) bila kuiandaa Windows, kwa kuwa itakataa kuwaka na kuonyesha skrini ya bluu.

Linabaki suala la mfumo endeshi. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa zilizoorodheshwa, kwa hiyo mashine nyingi za umri huu zinaachwa nje. Kwa hizo napendelea Linux Mint, mfumo endeshi mwingine, katika toleo lake jepesi la Xfce. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, kisha jaribu Wi-Fi, printa, na kuilaza na kuiamsha laptopu. Kinachoangusha uhamaji huu mara nyingi ni programu ya uhasibu inayotaka Windows pekee, au majedwali ya Excel yaliyojaa makro (amri za kujiendesha). Orodhesha hizo mapema, na mashine zinazozihitaji ziwe ndizo za kwanza kutengewa fedha.

Kwenye seva, kipimo ni kilekile. Seva kadhaa zinazotumia asilimia 10 ya prosesa zinaweza kuhamia kwenye moja kama mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta moja halisi, kwa programu kama KVM au Proxmox VE. Pima mwezi mzima, mwisho wa mwezi ukiwemo, kwani ripoti na mishahara hupandisha mzigo. Prosesa unaweza kuzigawia mashine pepe kuliko ilivyo. RAM usithubutu, maana ikiisha mfumo utaanza kuua mashine pepe zenyewe. Muachie mwenyeji, yaani seva halisi inayozibeba, angalau GB 4, na zaidi ukitumia ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili unaotumia RAM nyingi. Kwa kuwa sasa hitilafu moja itazima huduma zote, nakala za akiba zikae kwenye kifaa kingine, na kila mwezi rejesha mashine pepe moja hadi iwake na uingie ndani yake. Ujumbe wa kijani kwamba kunakili kumefanikiwa hauthibitishi kwamba nakala inarejesheka.