Podikasti za michezo ya kuchekesha: dhana potofu na ukweli wake

Ukimwambia mtu unasikiliza podikasti ya vichekesho, moja kwa moja anawaza watu watatu mezani, wanapiga soga na kucheka wenyewe. Zipo, tena nyingi mno. Lakini lipo kundi jingine: hadithi za kubuni zilizoandikwa neno kwa neno, zikagawiwa waigizaji, zikawekewa muziki na milio, na ucheshi wake ni wa ajabu ajabu kiasi kwamba huwezi kuusikia kwingine. Nalipenda sana kundi hili. Inaniuma kuona watu wanalikosa kwa sababu ya mambo waliyoyaamini bila kuyapima.

"Kizuri kitajitokeza chenyewe kwenye chati"

Hii ndiyo dhana inayowapoteza wengi. Chati inatazama nani anasikilizwa sana kwa sasa. Kipindi cha maongezi cha mtu maarufu kinatoka kila wiki, pengine mara mbili kwa wiki. Mchezo ulioandikwa unaweza kutoa sehemu nane halafu ukanyamaza mwaka mzima, maana waandishi wanaandika na waigizaji wana kazi nyingine. Utashindana vipi hapo?

Tazama Welcome to Night Vale, kazi ya Wamarekani Joseph Fink na Jeffrey Cranor. Kilianza Juni 2012, kikaenda karibu mwaka mzima kimya kimya. Kilipokuja kushika kilele cha chati ya iTunes, programu ya Apple, mwaka 2013, kazi ilikuwa imefanywa na mashabiki, hasa wa mtandao wa kijamii wa Tumblr, waliokuwa wakichora wahusika na kuambiana habari zake. Chati iliwafuata wao.

Tatizo jingine ni mahali pa kutafutia. Ukifungua kundi la "Comedy" kwenye programu ya podikasti utakutana na soga tupu. Mwaka 2019 Apple ilianzisha kundi la "Fiction", na ndani yake kuna tawi la "Comedy Fiction". Anzia hapo. Bado utachambua pumba na mchele, ila angalau uko ghala sahihi.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kusikiliza mpaka majina ya mwisho, yale ambayo wengi huyakatiza. Watengenezaji wa michezo hii si wengi, na wanafanya kazi pamoja mara kwa mara. Mfano: katika Wooden Overcoats ya Uingereza, mwigizaji Tom Crowley ndiye Eric Chapman. Fuata jina hilo na utafika Victoriocity, mchezo wa upelelezi unaotokea mwaka 1887 katika London iliyovimba kupita kiasi, ambako Crowley ni Inspekta Fleet na Layla Katib ni mwandishi wa habari Clara Entwhistle. Ni mchezo mzuri kweli, na si rahisi kuuona kwa kutazama chati tu. Kutoka kwenye mchezo mmoja ulioupenda unaweza kupata mitatu au minne kwa kufuata majina tu. Fuata na waandishi pia, usiishie kwa waigizaji.

"Ya ajabu ajabu maana yake ni kutunga lolote linalokuja"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Night Vale ni matangazo ya redio ya mji mdogo jangwani. Katika sehemu ya kwanza kabisa, mtangazaji anasoma taarifa ya halmashauri ya jiji: bustani ya mbwa imefunguliwa. Wananchi wanakumbushwa kwamba mbwa hawaruhusiwi kwenye bustani ya mbwa. Watu nao hawaruhusiwi. Unaweza kuona watu waliojifunika makoti yenye kofia humo ndani, usiwakaribie. Kisha anaendelea na habari inayofuata.

Sikiliza sauti ya Cecil Baldwin, mwigizaji wa mtangazaji huyo, anaposoma hayo. Haipandi, haishuki, haichekeshwi na chochote. Ni sauti ileile ambayo mtangazaji yeyote angeitumia kutangaza ratiba ya kukatika kwa maji. Kila jambo lisilowezekana linapita kwenye mdomo wa mtu anayeliona la kawaida, na sheria hiyo haivunjwi. Hata "hali ya hewa" ina sheria yake: mtangazaji anakupeleka kwenye hali ya hewa, na unachosikia ni wimbo mzima wa mwanamuziki fulani, kila sehemu mwanamuziki tofauti. Mara ya kwanza unashangaa. Baadaye unaisubiri.

Wooden Overcoats inafanya jambo hilohilo kwa njia nyingine. Kwenye kisiwa cha kubuni cha Piffling, katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa, Rudyard Funn na dada yake Antigone wanaendesha nyumba ya mazishi, ya pekee kijijini. Rudyard hapendwi na mtu. Siku moja Eric Chapman anafungua nyumba nyingine ya mazishi upande wa pili wa uwanja, na huyu ni mkarimu, hodari na kipenzi cha kila mtu. Msimulizi wa yote ni panya anayeitwa Madeleine. Ukimwondoa panya, hiyo ni hadithi ya ushindani wa biashara ambayo muuza duka yeyote anaielewa. Mwandishi David K. Barnes anaanza na uchungu wa kweli, wa mtu anayeona wateja wakivuka barabara kwenda kwa jirani, halafu ndipo anauzungushia vituko. Mchezo unaorundika vituko bila uchungu wowote chini yake unachosha ndani ya dakika kumi, na ipo mingi ya namna hiyo. Usione aibu kuizima.

"Yote yanaandikwa" au "yote yanabuniwa papo hapo"

Kuna ya namna zote mbili. Hello from the Magic Tavern, iliyoanza Chicago mwaka 2015, inaongozwa na mtu aliyetumbukia kwenye nchi ya kichawi kupitia tundu nyuma ya mgahawa wa Burger King, na maongezi yake yanabuniwa palepale. Raha yake ni kuwasikia waigizaji wakinaswa na maneno yao wenyewe. Kama unatafuta hadithi iliyosukwa, hapa si mahali pake. Soma maelezo ya kipindi kwanza.

"Anza na sehemu mpya kabisa"

Hapana, labda kama kila sehemu inajitegemea. Programu nyingi hukuwekea ya karibuni juu, na mchezo wenye mfululizo ukiuanzia mwishoni utauona hauna maana. Shuka mpaka chini kabisa ya orodha.

"Kipindi kilichoacha kutoka kimekufa"

Kwangu mimi hii ni sifa. Wooden Overcoats ilianza 2015, ikamaliza hadithi yake kwa misimu minne mwaka 2022. Wolf 359 ya Gabriel Urbina ilianza 2014 ikafungwa Desemba 2017. Unajua kwamba mwisho upo na kwamba waandishi waliufikia wenyewe. Hakuna kusubiri msimu ambao huenda usije.

Na Wolf 359 inaondoa dhana nyingine, kwamba kinachochekesha hakina uzito. Inaanza na Doug Eiffel, afisa mawasiliano mvivu kwenye kituo cha angani kinachoizunguka nyota Wolf 359 (nyota hiyo ipo kweli, umbali wa karibu miaka 8 ya mwanga kutoka kwetu), akirekodi malalamiko yake na kumkwepa kamanda. Mwanzoni ni vichekesho vitupu. Kadiri unavyokwenda, hali ya watu hawa inakuwa ngumu kweli, na inakuumiza kwa sababu umeshacheka nao muda mrefu. Aliyeiacha baada ya sehemu mbili akisema ni ya kitoto hakufika huko.

"Ni mambo mageni kwetu"

Mchezo wa redio wa kuchekesha si mgeni kwa msikilizaji wa Kiswahili. Waliokua na Redio Tanzania wanawakumbuka Pwagu na Pwaguzi. Uingereza nako, BBC ilikuwa na The Goon Show tangu 1951 hadi 1960, vichekesho vya sauti vilivyopindua kila kitu, na michezo mingi ya leo ya podikasti imepita njia iliyofunguliwa na redio ya namna hiyo. Kilichobadilika ni kwamba husubiri saa ya kipindi.

"Bila Kiingereza kizuri, au bila bando kubwa, haiwezekani"

Bando kwanza. Nusu saa ya sauti ya kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 29. Pakua mahali penye Wi-Fi ya bure, sikiliza njiani bila kuwasha data.

Kiingereza kina njia yake pia. Baadhi ya michezo huweka maandishi yake kwenye tovuti, na tangu Machi 2024 programu ya Apple inatoa maandishi yenyewe kwa vipindi vya Kiingereza. Sikiliza huku unasoma, angalau sehemu ya kwanza, mpaka sikio lizoee. Halafu chagua pa kuanzia. Night Vale ni sauti moja kwa sehemu kubwa, ya taratibu, inayotamka kila neno wazi. Anayesoma gazeti la Kiingereza bila shida ataifuata. Wooden Overcoats ina Waingereza wanaokatizana kwa kasi, na nusu ya utani umo kwenye kukatizana huko. Iache iwe ya pili.