Kiingereza cha kuongea na Kiingereza cha kusomea

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kukusalimia kwa Kiingereza kizuri, akakueleza timu anayoshabikia na kwa nini kocha afukuzwe. Mpe swali la Jiografia la mstari mmoja, atalikodolea macho dakika kumi asiandike kitu. Mzazi atasema mtoto mvivu. Mwalimu wa Jiografia atamlaumu mwalimu wa Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza atashangaa, maana kwake huyo ndiye mchangamfu kuliko wote darasani. Katika taaluma ya kufundisha lugha ya pili jambo hili lina maelezo yake: Kiingereza cha kuongea ni stadi moja, Kiingereza cha kusomea ni stadi nyingine, na mtu anaweza kuwa na ya kwanza miaka mingi bila kuwa na ya pili.

Aliyezitenganisha stadi hizi kwa majina ni Jim Cummins, mtafiti mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi zake Kanada, mwaka 1979. Ya kwanza aliifupisha BICS, yaani uwezo wa kuwasiliana katika mambo ya kila siku. Ya pili CALP, yaani uwezo wa kuitumia lugha kujifunzia, kuchambua na kuandika mambo ya shuleni. Waliopita vyuo vya ualimu wanavijua vifupisho hivi. Kwa wengi vimeishia kwenye karatasi ya mtihani na havikuwahi kufika darasani.

Wazo halikutoka hewani. Mwaka 1976 watafiti Tove Skutnabb-Kangas na Pertti Toukomaa walikuwa wameandika kuhusu watoto wa Kifini waliohamia Sweden: Kiswidi wanakiongea bila shida, lakini maendeleo yao ya darasani yako chini. Cummins naye akapitia fomu zaidi ya 400 za watoto waliopelekwa na walimu wao kupimwa na wanasaikolojia katika mji mmoja wa magharibi mwa Kanada. Akakuta kosa linalojirudia. Mtoto wa wahamiaji anaongea Kiingereza vizuri, kwa hiyo mpimaji anaamua kwamba lugha si tatizo lake tena. Akifanya vibaya kwenye jaribio lililoandikwa kwa Kiingereza kizito, inayobaki kulaumiwa ni akili yake, na wapo walioandikiwa hivyo kwenye mafaili yao. Takwimu za Toronto alizozichambua baadaye zilionyesha kuwa mtoto mhamiaji huhitaji takriban miaka miwili kuongea vizuri na wenzake, lakini huhitaji miaka mitano hadi saba kuwafikia katika lugha ya masomo. Na huyo ni mtoto anayesikia Kiingereza kutwa nzima, dukani, kwenye basi na kwenye televisheni.

Tofauti inatoka wapi? Unapoongea na mtu unamwona usoni, anaonyesha kwa mkono, kitu chenyewe kipo mbele yenu, na usipoelewa unauliza tena. Nusu ya kazi inafanywa na mazingira. Karatasi ya mtihani haina uso wala mkono, kila kitu kimebebwa na maneno yenyewe na namna yalivyopangwa. Chukua sentensi kama hii, ya aina unayoikuta katika kitabu chochote cha Biolojia:

“Water is absorbed by the root hairs and transported to the leaves, where it is used in the manufacture of food.”

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayajua “water”, “leaves” na “food” tangu shule ya msingi. Hata “root” huenda analijua. Anakwama kwingine. Vitenzi viko katika kauli ya kutendwa, mtendaji wa kusafirisha hakutajwa kabisa, na “is” imeandikwa mara moja ikahudumia vitenzi viwili. “Where” analijua kama neno la kuulizia, hapa haliulizi kitu. “Manufacture” analihusisha na viwanda vya sabuni. Halafu “it”: ni maji, mizizi au chakula? Mwalimu wa Biolojia akiisoma sentensi hiyo kwa sauti na kuuliza “Are we together?”, darasa zima litaitika “Yes!” kwa pamoja, na kipindi kitaendelea.

Istilahi za somo, mara nyingi, hazina shida kubwa. “Photosynthesis” ni neno refu na la kutisha, lakini kwa sababu linatisha kila mwalimu hulifafanua, huliandika ubaoni na kulichorea mchoro. Yanayoumiza ni yale maneno ya katikati, ambayo si ya mtaani wala si ya somo lolote: “whereas”, “derive”, “tend to”, “despite”, “account for”. Swali likisema “Account for the rapid soil erosion in highland areas”, mwanafunzi anayesoma masomo ya biashara analijua “account” kwa madeni na malipo, na hakuna aliyemwambia kwamba hapa anatakiwa kutoa sababu. Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya familia 570 za maneno (neno pamoja na yanayotokana nalo) kama “derive”, yanayopatikana katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali. Yanachukua karibu asilimia 10 ya maneno katika maandishi hayo. Kwetu hayana mwenyewe. Mwalimu wa Biolojia anadhani yamefundishwa kwenye kipindi cha Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza yuko kwenye nyakati za vitenzi.

Ukiileta dhana hii Tanzania inabidi uirekebishe kidogo, na nadhani wengi wanaoifundisha hawafanyi hivyo. Mtoto aliyechunguzwa na Cummins alikuwa na uwanja wa michezo uliomfundisha Kiingereza bure. Kijana wa Nairobi anamkaribia kidogo, maana Kiingereza anakisikia mjini pamoja na Sheng na Kiswahili, na ndiyo maana mwalimu wa Nairobi hudanganyika kirahisi zaidi na ulimi wake mwepesi. Kijana wa Singida au Mtwara aliyesoma shule ya serikali amefundishwa kila kitu kwa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya shule za msingi tangu 1967, huku Kiingereza kikiwa somo moja tu kati ya masomo. Anaingia kidato cha kwanza, anapewa wiki kadhaa za kozi ya kumwandaa, kisha Fizikia, Jiografia na Hisabati vyote vinageuka Kiingereza. Anadaiwa stadi ya pili kabla ya kupewa ya kwanza. Na hesabu ni rahisi: kama aliyezungukwa na Kiingereza Toronto anahitaji miaka mitano hadi saba, elimu ya sekondari hadi kidato cha nne ni miaka minne.

Matokeo yake ni aina ya mwanafunzi ambaye nadharia ya asili haikumtaja sana: anayeweza kuitaja fasili ya “osmosis” neno kwa neno, koma kwa koma, lakini hawezi kumwomba jirani yake rula kwa Kiingereza. Mtu akimsikia anaweza kudhani lugha ya kitaaluma anayo. Hana, amekariri. Mwambie atoe mfano wake mwenyewe, au abadilishe mpangilio wa sentensi, utaona inavunjika.

Hali hii si mpya. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu wa Uingereza, walichunguza Kiingereza cha shule za Tanzania na kukuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana lugha ya kutosha kusomea. Hata hivyo hawakushauri kuhamia Kiswahili, na miaka michache baadaye Uingereza ikagharamia mradi wa kuinua Kiingereza, pamoja na vitabu vyepesi vya hadithi vya kusoma. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Martha Qorro akiwa mmoja wao, wametetea kwa miaka mingi kwamba masomo yafundishwe kwa Kiswahili na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo. Mimi nipo upande wao, lakini mwalimu mwenye kipindi cha dakika 40 kesho asubuhi hawezi kusubiri sera.

Afanye nini? Kwanza, lile bango la mlangoni mwa ofisi ya walimu, “No English, No Service”, halisaidii hapa. Likifanikiwa sana linazaa “Excuse me, sir, may I come in?”, na hiyo ni stadi ya kwanza. Mara nyingi linazaa ukimya. Mwanafunzi mwenye swali la maana anaondoka nalo.

Sehemu ya nadharia ya Cummins inayofaa zaidi kwetu ni ile isemayo kwamba maarifa hayafungwi katika lugha moja. Aliyeelewa mmomonyoko wa udongo kwa Kiswahili hauelewi upya kwa Kiingereza, anachohitaji ni namna ya kuusema. Kwa hiyo ile sentensi ya maji na mizizi inaweza kuanzia kwenye Kiswahili: wanafunzi wawili wawili waelezane maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, wakiutazama mmea walioung'oa nje ya darasa. Kisha mwalimu aandike ubaoni sentensi fupi zenye nafasi, “Roots take in ___”, “Water moves from ___ to ___”, wazijaze. Zikishakaa vizuri, abadilishe “Roots take in water” kuwa “Water is absorbed by the roots” mbele ya macho yao, awaulize kipi kimehama na kipi kimeongezeka. Mwishoni wafungue kitabu wasome sentensi ndefu. Inakula kipindi kizima, ndiyo, na kwa silabasi ndefu inauma. Lakini wiki ijayo watakapokutana na “Food is transported to the stem” hawataanza sifuri.

Dhana hii ina wapinzani wake. Wapo waliosema inaifanya lugha ya nyumbani ionekane ya chini na ya shuleni ionekane ya wenye akili. Wana hoja: sikiliza watu wakibishana kijiweni juu ya bei ya mahindi, utakuta sababu, matokeo na masharti yote yamo. Cummins alijibu kwamba anazungumzia matumizi mawili, hakuyapanga kwa ubora. Nadhani jibu linatosha, mradi mwalimu asiitumie dhana yenyewe kumbandika mtoto jina jipya badala ya lile la uvivu.

Kuna jaribio dogo la kujua mwanafunzi amekwama kwenye somo au kwenye lugha. Baada ya zoezi la darasani chukua swali moja alilolikosa, muulize lilelile kwa Kiswahili, kwa mdomo, bila kumdokezea. Akilijibu vizuri, kumrudishia mada nzima ni kupoteza muda. Arudi kwenye sentensi za swali lenyewe. Asipolijibu kwa Kiswahili pia, basi hapo mada ndiyo haijaingia, na Kiingereza hakihusiki bado.