Jeshi la El Salvador ni la nani?

Kila nikiandika kuhusu Amerika ya Kati, wasomaji huniuliza juu ya Nayib Bukele, rais wa El Salvador tangu 2019: aliyanyamazishaje yale magenge, na kwa nini viongozi wetu wasimwige? Swali lenyewe ni la haki. Mtu anayelala na hofu ya kuuawa hawezi kulaumiwa kwa kuliuliza. Ila mimi ni mwalimu wa historia ya eneo hilo, na kulijibu kwa kuanzia mwaka 2019 ni kumdanganya msomaji. El Salvador, nchi ya kilomita za mraba 21,000 hivi, imegombania jambo moja kwa karibu karne nzima: jeshi linamtii nani, na bunduki zake zimeelekezwa kwa nani.

Chanzo ni kahawa. Nili, rangi ya mmea ya kutia nguo iliyokuwa ikiilisha nchi, iliposhuka thamani, wenye mali waligeukia buni, na buni inastawi kwenye miteremko ya volkano. Huko ndiko kulikokuwa na ardhi nyingi za jumuiya, zikiwemo za wenyeji wa asili. Mwaka 1881 na 1882 serikali ya Rafael Zaldívar ikafuta umiliki wa pamoja kwa sheria. Ardhi iliyolimwa na kijiji kizima ikawa shamba la mtu mmoja, na wanakijiji wakarudi humo humo kuchuma buni kwa ujira. Kuanzia 1913 hadi 1927 urais ulibaki mikononi mwa familia mbili zilizooleana, Meléndez na Quiñónez. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kahawa ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yote ya nje. Kisha bei ikaporomoka, na njaa ikaingia kwa vibarua kabla ya kwa mtu mwingine yeyote.

Uchaguzi wa 1931 ulikuwa huru kuliko yote iliyoutangulia, na Arturo Araujo akashinda. Hakumaliza mwaka. Desemba wanajeshi walimpindua, na Jenerali Maximiliano Hernández Martínez, makamu wake na waziri wake wa vita, akashika nchi. Usiku wa 22 Januari 1932 wakulima wa magharibi, wengi wakiwa na mapanga tu, waliivamia miji kama Juayúa, Nahuizalco na Izalco. Waliowaua hawakuzidi mia moja hivi. Ndani ya siku chache jeshi lilikuwa limeirudisha miji yote, na mauaji yenyewe ndipo yakaanza. Wanahistoria wanakadiria waliouawa kuwa kati ya 10,000 na 30,000. Feliciano Ama, kiongozi wa wenyeji wa Izalco, alinyongwa hadharani. Agustín Farabundo Martí, aliyekuwa amekwishakamatwa kabla ya uasi kuanza, alipigwa risasi. Baada ya hapo wazazi wengi waliacha kuzungumza Kinahuati, lugha yao ya asili, mbele ya watoto wao, na mavazi ya asili yakafichwa, kwa kuwa yalitosha kumfanya mtu ashukiwe.

Hapo ndipo mapatano yasiyoandikwa yalipozaliwa: wanajeshi watawale, familia za kahawa zibaki na uchumi. Martínez aling'olewa 1944 na mgomo wa nchi nzima, lakini mapatano hayakuondoka naye. Kanali alimpokea kanali. Mwaka 1972 José Napoleón Duarte, raia, aliporwa ushindi, akapigwa na kufukuzwa nchini. Vijana wengi walipoona sanduku la kura limekufa, wakaingia msituni.

Askofu Mkuu Óscar Romero aliligusa donda lenyewe. Tarehe 23 Machi 1980, katika mahubiri yaliyorushwa redioni, aliwaambia askari wa kawaida kwamba hakuna anayelazimika kutii amri inayopingana na sheria ya Mungu. Aliwataka wakome. Kesho yake alipigwa risasi akiwa anaadhimisha misa.

Vita vilivyofuata kati ya serikali na waasi viliua watu zaidi ya 75,000. Desemba 1981 kikosi cha Atlacatl, kilichofunzwa na Marekani, kiliingia kijiji cha El Mozote na kuua karibu watu elfu moja, pamoja na wa vijiji jirani. Serikali zote mbili, ya San Salvador na ya Washington, zilikana. Rufina Amaya, aliyenusurika huku mumewe na watoto wake wanne wakiuawa, alisimulia yaliyotokea kwa miaka mingi bila kusadikiwa. Mwaka 1992 wataalamu walifukua nyumba ndogo ya kanisa na kukuta mabaki ya watu 143. Kati yao, 131 walikuwa watoto chini ya miaka 12.

Kwa sababu hiyo nauheshimu sana Mkataba wa Chapultepec wa 16 Januari 1992, uliomaliza vita hivyo, ingawa una mapungufu. Kuhusu ardhi na umaskini ulifanya machache. Siku tano baada ya Tume ya Ukweli, iliyochunguza uhalifu wa vita, kutoa ripoti yake, bunge lilipitisha msamaha kwa wauaji. Lakini Walinzi wa Taifa walivunjwa, polisi mpya wakawekwa chini ya raia, na kazi ya jeshi ikabanwa kikatiba iwe ulinzi wa nchi. Kosa lililokuja kuuponza ni kwamba vyama viwili vilivyopokezana madaraka, ARENA cha mrengo wa kulia na FMLN cha waliokuwa waasi, vilishindwa kuyadhibiti magenge yaliyoletwa na vijana waliorudishwa kutoka Los Angeles. Vyote viwili vikaanza kuwatoa askari kambini tena, wafanye doria mitaani.

Tarehe 9 Februari 2020 Bukele aliingia bungeni na wanajeshi wenye bunduki, wakati wabunge walikuwa wakisita kuidhinisha mkopo wa dola milioni 109. Viti vingi vilikuwa vitupu. Aliketi kwenye kiti cha Spika, akafunika uso kwa viganja, akaomba, akatoka.

Naam, mauaji yamepungua mno, na watu wanatembea katika mitaa waliyokuwa wakiikwepa. Hilo silipunguzi hata kidogo. Lakini Mei 2021 majaji wa chemba ya katiba ya Mahakama ya Juu waliondolewa kwa siku moja, na tangu Machi 2022 nchi iko katika hali ya hatari. Waliokamatwa wamezidi 80,000, na wengi wao hawajahukumiwa.

Martínez alibadilisha katiba mwaka 1939 ili abaki madarakani. Waandishi wa katiba ya 1983 walisisitiza kwamba urais lazima upokezanwe, na kwamba kulivunja sharti hilo kunawalazimu wananchi kuasi. Tarehe 31 Julai 2025 bunge liliruhusu rais achaguliwe tena bila kikomo, likarefusha muhula hadi miaka sita, likafuta duru ya pili ya kura na kuwahisha uchaguzi hadi 2027. Kura zilikuwa 57 kwa 3.