Shekhina: Uyahudi unapomtaja Mungu kwa sura ya kike

Mswahili akisema "umebarikiwa wewe, Mungu wetu", hajasema lolote kuhusu jinsia. "Wewe" yetu ni moja kwa wote, na "yeye" vivyo hivyo. Kiebrania hakina nafasi hiyo. Myahudi anaposhika mkate kabla ya kuumega, baraka yake huanza na barukh ata, na maneno yote mawili ni ya kumwambia mwanamume. Mwanamke angeambiwa brukha at. Anayesali analazimika kuchagua kila anapofungua kinywa, na kwa karne nyingi chaguo lilikuwa hilo moja.

Ndiyo maana neno Shekhina lina uzito. Limetoka kwenye mzizi wenye maana ya kukaa mahali, ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupa sisi "maskani". Kwenye Kutoka 25:8 Mungu anaagiza ajengewe patakatifu "ili nipate kukaa kati yao". Kitenzi ni hicho hicho, ingawa jina Shekhina lenyewe halimo katika Biblia ya Kiebrania. Walioanza kulitumia ni marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi, wakimaanisha Mungu aliye karibu na watu wake. Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi hao, inasema Israeli walipohamishwa, kwanza Misri kisha Babeli, Shekhina ilikwenda nao. Kisarufi neno ni la kike, lakini marabi hawakuwa na picha ya mwanamke akilini.

Picha hiyo ilikuja na Kabala, mapokeo ya Kiyahudi ya mafumbo kuhusu Mungu. Katika Zohari, maandishi yaliyojitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13, Shekhina ni ya mwisho kati ya sefira kumi, yaani njia ambazo Mungu hujidhihirisha kwazo. Kuanzia hapo Kiswahili chenyewe kinadai tubadilishe upatanisho: si "ilikwenda" tena, ni "alikwenda". Ni malkia, ni bibi arusi, ni mama aliye uhamishoni pamoja na wanawe. Mila hiyo ingali hai. Ijumaa jioni, katika ubeti wa mwisho wa wimbo Lekha Dodi uliotungwa na Shlomo Alkabetz wa Safed, mji wa Galilaya, katika karne ya 16, waumini hugeuka wakaelekea mlangoni na kuinama wakiimba "njoo, bibi arusi". Mlangoni hapo hakuna mtu. Wanaikaribisha Sabato, na kwa watu wa Kabala, pamoja nayo, Shekhina.

Wanawake wa Kiyahudi wa Marekani walipoanza kuhoji lugha ya sala miaka ya 1970, walikuta urithi huu tayari upo nyumbani. Mwaka 1976 Naomi Janowitz na Margaret Wenig walitoa kitabu cha sala kilichomtaja Mungu kwa lugha ya kike. Waliowapinga walihofia kwamba hiyo ni kurudisha miungu wa kike. Mimi naona hofu hiyo inasahau jambo moja: "Mfalme" na "Baba" nazo ni taswira, na hakuna anayezihesabu kuwa miungu wawili.

Ubishi mzito zaidi ulizuka miongoni mwa wanawake wenyewe. Shekhina wa Kabala hana nuru yake mwenyewe. Hupokea ya juu, kama mwezi upokeavyo ya jua, na waliomchora hivyo ni wanaume. Mwanateolojia Judith Plaskow, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alionya kuwa kuongeza sura ya kike chini ya mfumo ule ule wa utawala hakutoshi. Mshairi Marcia Falk alipita njia nyingine. Katika baraka zake za mwaka 1996 aliacha barukh ata akaanza na nevarekh, "na tubariki", umbo lisilobagua jinsia hata katika Kiebrania. Kinachobarikiwa ni ein ha-hayim, chemchemi ya uhai, nomino ya kike. Basi hata kitenzi cha kuutoa mkate katika ardhi, ambacho katika baraka ya kale ni ha-motzi, kwake kinakuwa ha-motzia: mkate ni ule ule, ila anayeutoa sasa ametajwa kwa umbo la kike.